Mgeni Ataokota Nini

Kwa miaka saba Fundi Bomba aliamka kila Jumamosi kabla ya jua, akavaa mabuti ya mpira yaliyotoboka, akashuka kijitoni nyuma ya nyumba kuokota uchafu wa watu wengine. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa amestaafu kuziba mabomba, mkewe alishachoka kumwona akizunguka sebuleni kama kuku anayetaka kutaga, na kijito kilinuka mpaka wageni wakawa wanaaga kabla ya chakula. Basi akashuka. Jumamosi ya pili akamkuta shemeji yake, kaka wa mkewe, anamsubiri na gunia mkononi.

"Nimekuja kukusaidia, shemeji," alisema. "Ukizama humu, dada yangu atarudi kwangu, na mimi siwezi kumlisha."

Walianza wawili, wakafika kumi na wanne. Shemeji alikuwa na mdomo, kwa hiyo akafanywa mwenyekiti, akaandika barua, akapokea wageni. Hakuna aliyemwonea kijicho, maana kuandika barua nako ni kazi. Fundi alikuwa na mikono. Alipanda nyasi za kushika ukingo, shina kwa shina, na mvua zilipokuja ukingo haukumeguka. Mwaka wa sita vyura wakarudi. Fundi alikimbia kumwita mkewe aje awasikie, na mke akasema wamezaa watoto wanne na hajawahi kuitwa kwa haraka namna ile.

Kulikuwa na utaratibu wa chupa za plastiki. Ukiokota chupa unafungua kifuniko, unaikanyaga mpaka inakuwa bapa, halafu unakifunga tena hewa isirudi. Hivyo gunia moja linabeba chupa za magunia matatu. Ulikuwa ubunifu wa Fundi mwenyewe, na ole wako umletee chupa iliyovimba. Magunia yakijaa yaliwekwa uani kwa shemeji, kusubiri lori la kupeleka chupa kusagwa.

Mtu wa mwisho kukubali usafi alikuwa Mama Juisi, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara. Kwa miaka mitano alimwaga maganda na chupa ukingoni, na kwa miaka mitano Fundi alimbembeleza. Mwaka jana akanunua pipa, akaliweka mbele ya kibanda, akasema, "Haya, Fundi, umenishinda. Sasa niache nifanye biashara." Tangu siku hiyo, mteja aliyetupa chupa chini aliitwa na kurudishwa kuiokota, awe mzee awe kijana. Fundi alimheshimu kuliko wanachama wake wote. Kumwongoa mtu mbishi si mchezo.

Ndipo ikaja barua: kikundi kingepongezwa. Jumamosi saa nne mgeni rasmi angefika, atoe vyeti, aokote taka kidogo pamoja na wananchi, apigwe picha. Mke wa Fundi akapiga pasi shati jeupe mara mbili.

Asubuhi ya siku hiyo Fundi, tayari ndani ya shati lake, alishuka kukitazama kijito chake, kama bwana harusi anayechungulia kioo. Alipofika kwenye kona akasimama. Ukingo wote ulikuwa umejaa chupa, mifuko na maboksi. Nyasi zake zilikuwa zimelaliwa, nyingine zimeng'oka na mizizi juu.

Aliumia. Halafu akainua macho, na kitu cha kwanza alichokiona kule juu, ng'ambo ya barabara, kilikuwa kibanda cha Mama Juisi. Hakushuka kutazama zaidi. Hasira ilimpandisha barabarani kabla akili haijavaa viatu.

Kwenye benchi la kibanda walikuwa wamekaa wateja sita. Wa saba alikuwa shemeji, amevaa fulana mpya ya kikundi, anakunywa juisi.

"Wewe mama!" Fundi alifoka. "Leo! Umeshindwa kusubiri hata leo ipite?"

"Nimefanya nini tena?"

"Chupa zimejaa mtoni! Kuna nani mwingine mwenye chupa hapa?"

Mama Juisi akaweka kisu chini, taratibu. "Fundi, pipa langu lile pale. Nenda kachungulie, limejaa mpaka juu. Ningetupa mtoni, hili lingejaa nini?"

Fundi hakuchungulia. "Mchafu ni mchafu tu," alisema, na sauti yake ilifika mpaka kituo cha mafuta, "hata umpe pipa la dhahabu!"

Mteja mmoja akaweka glasi yake, imejaa nusu, akaondoka bila kuaga. Shemeji akasimama, akamshika Fundi bega kwa upole.

"Twende, shemeji. Watu hawabadiliki."

Fundi alishukuru kwa ule mkono. Akashuka peke yake kusafisha, saa nne isije ikamkuta na aibu. Akaokota chupa ya kwanza, akashika kifuniko ili aifungue, na mkono ukasita. Chupa ilikuwa bapa. Kifuniko kimefungwa. Akaokota ya pili, bapa. Ya tatu, ya kumi, zote zimekanyagwa na kufungwa vizuri, hewa haijarudi. Akaangalia tena vile vitu vilivyozagaa. Hapakuwa na nepi. Hapakuwa na kioo kilichovunjika wala kitu kinachonuka. Ilikuwa takataka iliyochambuliwa kwa ajili ya mikono ya mtu mkubwa. Na chupa zile alizijua, maana alishaziokota mara moja.

Alikaa chini kwenye matope na shati lake jeupe.

Alimkuta shemeji chini ya turubai la sherehe, anajaribu maikrofoni. "Moja, mbili. Moja, mbili."

"Magunia ya uani kwako yako wapi?"

Shemeji akamtazama, akazima maikrofoni. Hakujaribu hata kudanganya. Hilo ndilo lililomuuma Fundi zaidi, kwamba hata uongo hakustahili.

"Afisa wa mgeni rasmi alikuja Alhamisi kukagua," alisema. "Akaniambia, mwenyekiti, hapa pasafi mno. Mgeni ataokota nini, majani? Akatishia kumpeleka mgeni kwa kikundi kingine. Ningefanyaje? Zilikuwa chupa zetu, nimezirudisha kwa nusu siku tu. Jioni tunaokota, mambo yamekwisha."

"Nyasi zangu."

"Nyasi zitaota, shemeji."

"Na Mama Juisi? Ulikuwa umekaa pale. Unakunywa juisi yake, na mimi namtukana mbele yako. Ukanyamaza."

"Ningesema nini mbele ya watu?" Shemeji akashusha sauti. "Nitazungumza naye polepole, wiki ijayo. Wewe leo usije ukamwaga mtama kwenye kuku wengi. Ni kazi yetu ya miaka saba."

Miaka saba. Fundi alikumbuka walivyobebana mgongoni siku ya mafuriko, na alivyomwachia mtu huyu ufunguo wa nyumba yake. Adui angemwaga taka, angemtukana na kumaliza. Huyu alimwaga, akakaa kumtazama Fundi akimalizia kazi kwa ulimi wake mwenyewe.

Alivuka barabara. Wateja wa asubuhi walikuwa wamekwisha kuondoka. Mama Juisi alikuwa anakatakata matunda na hakuinua kichwa.

"Nimekukosea," Fundi alisema. "Si wewe. Ni mwenyekiti wetu, alitaka mgeni apate cha kuokota. Nisamehe, mama."

Kisu kiliendelea. "Mimi mwenyewe nilijua si mimi," alijibu. "Hunipi habari. Ulinitukana mbele ya watu, Fundi. Nisafishe mbele ya watu. Hapo ndipo nitajua nimekusamehe."

"Nitasema leo. Mbele ya mgeni."

"Nitasikiliza kutoka hapa."

Mgeni alikuja, akavalishwa glavu, akaokota chupa tisa. Fundi alizihesabu. Kamera zikalia, na mgeni akauliza kwa mshangao chupa hizi zimegandamizwa na nini, na shemeji akajibu haraka kuwa ni magari. Vyeti vikatolewa. Fundi alipoitwa, mkewe aliyekaa mstari wa mbele alipiga kigelegele mpaka sauti ikakwama.

Akapewa maikrofoni aseme neno la shukrani. Alimtazama mkewe, aliyekuwa dada wa mwenyekiti, akajua kwamba nyumbani kwake hakutakuwa na amani kwa muda mrefu. Akasema hivyohivyo.

"Ndugu zangu, asubuhi nilimtukana Mama Juisi. Mama Juisi hana ko—"

Spika ikakoroma na kufa. Pembeni, karibu na mashine, shemeji alikuwa ameinama, waya mkononi.

Fundi akaendelea kwa sauti yake ya uzee. Alisema chupa ni za kikundi, alisema nani amezimwaga. Turubai lilipigwa na upepo, watu wa nyuma wakaulizana anasema nini, na kabla hajamaliza shemeji akaanza kupiga makofi. "Fundi wetu! Amezidiwa na furaha!" Wote wakapiga makofi. Mgeni akamkumbatia. Katika mstari wa mbele mkewe alikuwa ameacha kutabasamu. Yeye peke yake alikuwa amesikia, na alikuwa anamtazama kaka yake.

Fundi alitoka na cheti chake, akavuka barabara. Makofi yalikuwa bado hayajaisha.

"Hongera," Mama Juisi alisema.

"Nilisema, mama. Naapa nilisema. Walikata spika."

Mama Juisi alifuta mikono kwa kitambaa, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Asubuhi mbona hukuhitaji spika?"

Fundi akageukia benchi, kama vile wale wateja sita wangekuwa bado wamekaa pale. Lilikuwa tupu.