Ukurasa Uliofunguliwa Mara Elfu Mbili

Tovuti ya shirika la kutafuta watu waliopotea ilikuwa ikichechemea tangu asubuhi, na mkuu wa ofisi alishapata wa kumlaumu.

"Kuna mtu anatuvamia," alimwambia fundi wa kompyuta. "Mtafute, umfungie."

Fundi alikuwa mama wa makamo asiyejua haraka. Ofisini walimwita Bi Taratibu, naye hakununa. Alifungua kumbukumbu za seva, lile faili ambamo kila anayeingia huacha mstari mmoja: anwani ya mtandao wake, saa, ukurasa aliofungua na kivinjari anachotumia. Mistari ilikuwa laki tatu. Akaandika ruwaza, maelezo mafupi ya umbo analolitafuta: namba nne zilizotenganishwa kwa nukta. Kompyuta ikachuja.

Namba iliyoongoza ilitokea mara elfu tisini. Mkuu akachungulia begani kwake. "Huyo huyo. Funga."

"Subiri, mzee. Hii si anwani, ni toleo la kivinjari. Nalo huandikwa kwa namba nne na nukta. Tungefunga hewa."

Akaongeza alama moja, ili kompyuta itazame mwanzo wa mstari tu, mahali anwani zinapokaa. Uvamizi ukayeyuka: hakuna anwani iliyozidi mara elfu chache. Kilicholemea tovuti ni picha kubwa zilizopakiwa jana yake, na hizo alizipunguza kabla ya chakula cha mchana.

Lakini anwani moja haikumtoka kichwani. Kwa siku tisa ilikuwa imefungua ukurasa mmoja tu, mara elfu mbili na zaidi: tangazo la mwanamke aliyeondoka nyumbani miezi saba iliyopita, baada ya kumzika mama yake. Aliyeliweka ni dada yake mkubwa. Bi Taratibu akampigia.

"Dada, samahani. Unaufungua ukurasa wa mdogo wako mara nyingi?"

"Mimi? Jumapili kwa Jumapili, kwa simu ya mume wangu."

"Kuna mtu anaufungua kutwa, na anwani yake ya mtandao inaonyesha yuko mji wa mbali."

"Huko hatuna ndugu. Ni yeye. Mimi nilimwambia mbele ya watu kwamba alizembea, ndiyo maana mama akafa. Nipe hiyo anwani."

"Siwezi. Kama ni yeye, amejificha kwa sababu anayoijua, na si haki yangu kumfichua. Ila ukurasa ni wako. Andika unachotaka akisome."

Dada alituma maneno jioni ile: "Mdogo wangu, hukuzembea. Nilikuwa na uchungu, nikautua kwako. Nisamehe. Namba yangu ni ile ile." Bi Taratibu aliyaweka mwanzoni mwa ukurasa, chini ya picha.

Asubuhi iliyofuata, anwani ile ilifungua ukurasa mara moja tu. Siku mbili zikapita kimya. Bi Taratibu akachuja kumbukumbu tena na tena, akijilaumu kwa kutia mkono kwenye jeraha la watu.

Siku ya tatu simu ikalia.

"Amenipigia," dada alisema. "Hatukusema mengi, tulilia tu. Hajasema atarudi. Amesema nimpigie Jumamosi."

"Nilifute tangazo?"

"Liache kwanza. Anasema atakuwa anayasoma yale maneno kila asubuhi kabla ya kwenda kazini."