Simu Yako ni Muhimu Kwetu

Kampuni iliuza mitungi ya gesi ya kupikia, na mpokea simu wake alikuwa mwanamke ambaye wenzake walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kumzima. Aliketi dirishani, kwenye kiti kilichotokwa na sponji, akiwauliza wateja mtaa wao, ukubwa wa mtungi, na kama mtoto amepona kikohozi. Jioni alirudi kwa mama yake, aliyepofuka miaka mingi iliyopita, akamsimulia yote, tangu foleni ya chooni hadi viatu vipya vya meneja. Mama aliuona mji kwa mdomo wa binti yake.

Kisha ukaja mfumo. Meneja alieleza kikaoni kwamba simu zitajipokea, oda zitajipanga, na kampuni itajua gesi ya nani inakaribia kwisha kabla mwenyewe hajajua. Kilichokosekana ni sauti, na wateja walishaizoea ya Redio. Kusema kweli, alifurahi. Fundi wa mfumo akamweka kwenye chumba kilichobandikwa magodoro ukutani, akamsomesha neno mojamoja mbele ya kinasa sauti.

Neno lililonaswa halikurudi. La kwanza lilikuwa "karibu". Jioni hiyo jirani alibisha hodi, Redio akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Baadaye ziliondoka tarakimu, siku za wiki, "samahani" na "asante". Sokoni akawa ananunua nyanya kwa vidole. Alimlalamikia fundi kwa maneno yaliyosalia.

"Ni kawaida," fundi alisema, macho kwenye kompyuta. "Neno likikaa sehemu mbili, mfumo unachanganyikiwa."

Nyumbani aliendelea kusimulia kwa maneno ambayo kampuni ya gesi haikuyahitaji: mbu, chafya, visigino, kunguni. Mama alicheka mpaka akashika mbavu.

"Siku hizi unaongea kama mtu aliyeibiwa," alisema. "Lakini bado unaniita mama. Inatosha."

Mauzo yalipanda. Mfumo ulichambua kila simu, ukagundua kwamba wateja wengi ni wanawake watu wazima, na kwamba mteja akiitwa kwa upole huagiza mtungi mkubwa. Meneja akamwita Redio ofisini, akamvutia kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Limebaki neno moja tu," alisema. "Mama."

Redio akatikisa kichwa.

"Nakuelewa, dada yangu. Lakini ukikataa, kazi yako siwezi kuitetea huko juu. Na huyo mama yako atakula nini?"

Alilisoma mara moja. Fundi alisema limetoka safi. Lilitoka na sauti yote iliyosalia. Mbu na visigino navyo vikafuata. Wiki hiyohiyo kampuni ilimwachisha kazi, kwa kuwa simu sasa zilijipokea. Meneja alimshukuru mbele ya wote, naye hakuwa na neno la kumjibu. Huo ulikuwa wizi wa mchana kweupe, na walioufanya walipandishwa vyeo.

Jirani ndiye aliyemweleza mama.

"Sauti yake imebaki kazini, bibi."

"Basi ndiko anakokaa siku hizi," mama alisema, akaomba maji ya kunywa.

Gesi ilipokaribia kwisha, mfumo ulipiga simu wenyewe. "Habari ya jioni, mama. Tukuletee mtungi mkubwa?" Mama akakubali upesi. Tangu hapo akawa anapiga mwenyewe, na kila alipoulizwa alikubali, kwa kuwa hajawahi kumnyima mwanawe kitu. Mitungi ikajaa barazani. Redio aliuza kabati, kisha kitanda chake, ili kuilipia, na kwenye taarifa ya mwaka kampuni ilimsifu mteja mmoja mwaminifu bila kumtaja.

Mama alipougua na madaktari wakasema arudishwe nyumbani, aliomba simu. Redio aliipigia kampuni, akamwekea simu sikioni, akakaa kando yake akimpapasa shavu. Laini zilikuwa na watu wengi.

"Simu yako ni muhimu kwetu, mama. Tafadhali subiri."

"Nasubiri, mwanangu," mama alisema, akausogeza pembeni mkono wa Redio ili asikie vizuri.