Uso wa Junpei kwa Nyuma

…na nasema ndiyo mwalimu, ndiyo, nakuelewa, huku macho yangu yako jikoni kwenye sufuria ya viazi inayorusha povu, na waya wa simu haufiki kule, nilishajaribu, unaishia hapa mlangoni, ukiuvuta zaidi utang'oka ukutani, kwa hiyo nimesimama na glavu nyeupe bado mkononi, ile niliyoikata ncha za vidole ili nishike brashi vizuri, na mwalimu Kusakabe anasema kwa sauti yake ya upole, sauti ya mtu ambaye hajawahi kupika na kupokea simu kwa wakati mmoja, kwamba darasa zima linamkumbuka Masumi, kiti chake kipo, viatu vyake vya kuvalia ndani ya shule vipo palepale kwenye kabati, na kwamba Jumatatu asubuhi amepanga wenzake waje kumchukua hapa nyumbani, watamwita wakiwa nje, atoke, waende naye pamoja, kinachotakiwa ni mimi tu niseme kwamba atakuwa amevaa na yuko tayari, na mimi nasema asante sana, samahani kwa usumbufu, nainamisha kichwa mbele ya ukuta, lakini hilo la Jumatatu sijalijibu, nimelipitia pembeni kama mtu anavyoruka dimbwi… Masumi amekaa kwenye mkeka mbele ya televisheni, amenipa mgongo, nywele hajachana, na wimbo wa kufungulia katuni yake umeshaanza, tarumbeta zile, Garanjeda anatoka ndani ya mlima, mawe yanamporomoka mabegani, na kifuani mwake, nyuma ya kioo chekundu, yumo Junpei, mtoto wa miaka kumi na minne anayeliendesha dude zima la chuma kwa mikono iliyokuwa ikitetemeka, iliyokuwa, sasa haitetemeki tena, najua kwa sababu mikono hiyo naipaka rangi mimi, si yote, tuko akina mama wengi mtaani tunaopaka rangi nyumbani, mama Ebihara wa karakana ya katuni anatuletea plastiki zenye michoro, tunazigeuza na kujaza rangi kwa nyuma ili mistari ya mbele isichafuke, zinakauka kwenye rafu, zinaondoka kwenda kupigwa picha, na Jumamosi jioni zinatembea na kusema kama watu… “Unanisikia, mama Masumi?” Nakusikia, mwalimu. “Nilikuwa naongelea hiyo katuni.” Ndiyo. “Sisemi ni mbaya, mimi mwenyewe wangu wa kiume ananipigia kelele za roboti mpaka bafuni, lakini mtoto wa darasa la sita kujifungia ndani muda wote huu, anaangalia vita vya madude, kichwa kitabaki kweli?” Ni kweli mwalimu, nasema, ni kweli kabisa, Mungu anisamehe, kwa sababu tangu mwanzo yeye anadhani kosa ni la katuni na mimi nimemwacha adhani hivyo, nilimwambia tumbo linamuuma, baadaye nikamwambia hata mimi sielewi, na alipoitaja televisheni nikaidaka haraka haraka, roboti halina mama wa kulitetea, litwishe lolote litabeba, mabega linayo… wakati ninaelewa vizuri sana, ninaelewa kuliko mtu yeyote, ni mimi niliyempa zile plastiki za kwanza. Tulikuwa wageni hapa, baba yake amehamishiwa ofisi ya huku halafu ofisi ikamgeuza kuwa mtu wa kulala tu nyumbani, na Masumi anarudi shuleni kila siku bila kutaja jina la mtu, hata moja, nami nikaona plastiki nilizoziharibu, hii rangi imevuka mstari, ile imeingia vumbi, za kutupwa, nikamwambia peleka, wagawie, watoto wanazipenda hizo, nikajiona mama mwenye akili. Siku hiyo alirudi anakimbia. “Mama, wamenipisha nikae dirishani! Oguri amesema wewe ni mama bora kuliko wote!” Na ndivyo ikawa, kila asubuhi wanamngoja, leo umeleta nani, mimi sitaki watu nataka Garanjeda mwenyewe, hee huyu pua imemwagika, mama yako anapaka rangi amefumba macho? wanacheka, naye anacheka, ananihadithia huku anacheka, nami nacheka na brashi mkononi. Halafu nikawa fundi. Hilo ndilo la ajabu, mkono ukazoea, nikaacha kuharibu, mama Ebihara akanisifu mbele ya wenzangu kwamba kazi yangu hairudishwi hata moja, na kumbe mtoto wangu alikuwa anaishi kwa makosa yangu, zilipokwisha za kuharibika akakosa cha kupeleka, wakamwambia hakuna Junpei, hakuna kukaa hapa, nenda kakae kule pembeni na jiko la mafuta la kupashia darasa joto, na mimi sikujua, au nilijua nusu, aliniuliza mara kadhaa, “Leo hujaharibu yoyote, mama?” na mimi nikamjibu kwa majivuno, hata moja… “…watoto wenyewe ndio wamejitolea,” mwalimu anasema, “sikuwalazimisha, nilisema tu nani yuko tayari kuamka mapema kwa ajili ya mwenzetu, Oguri akanyoosha mkono wa kwanza, yule mcheshi, na Machida, wale wa kundi lake.” Ndiyo mwalimu. Oguri. Machida. Ningekaa chini kama waya ungeruhusu… kwa sababu Oguri ndiye aliyemwambia akakae na jiko, na Machida ndiye aliyemrudishia plastiki yake ikiwa imekwaruzwa kwa ncha ya bikari kutoka jicho hadi kidevu, na hizo hazikuwa za kutupwa, zilikuwa plastiki nzuri zile, hazijapigwa picha bado, uso wa Junpei mkubwa unaojaza kioo kizima, anageuka taratibu, na Masumi alizitoa kwenye rafu yangu moja moja zikiwa hazijakauka vizuri, akazigawa darasani, na mama Ebihara akanipigia simu hiihii, dada yangu, huku kuna pengo, Junpei anaanza kugeuka halafu uso haupo, umeuweka wapi? Nikajua palepale. Sikumpiga. Ningempiga ingekuwa nafuu. Asubuhi yake nilimsimamisha hapahapa mlangoni, nikamwambia nenda ukaziombe zote zirudi, kwa kila uliyempa, kwa mdomo wako mwenyewe. Akasema, “Mama, twende wote.” Nina kazi. “Basi mpigie mwalimu azikusanye yeye.” Umegawa mwenyewe, utakusanya mwenyewe. “Watanicheka, mama.” Wacheke. Akawa amekaa kwenye kizingiti na kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi, hakivai hakiweki chini, na mimi saa inaniendea, rangi zinakauka kwenye vichupa, nikasema, Junpei naye aliogopa, lakini alipanda… nikasema hivyo, nikiyageuza maneno ya kamanda Wakui wa kwenye katuni, yale ya mwanzoni kabisa wakati Junpei alipotapika juu ya usukani na Garanjeda akaanguka kwa magoti katikati ya shamba la kabichi, na Masumi alicheka mpaka akajishika tumbo, kamanda Wakui akashuka akapiga goti, akamwambia hata mimi ninaogopa, lakini hakuna mwingine, na ule mdomo wake nilikuwa nimeupaka mimi, kila unavyofunguka na kufungwa, nikauazima, nikamtuma nao mtoto wangu, na ukafanya kazi. Alivaa kiatu cha pili. Akaenda. Akangoja wakati wa kufagia darasa, mwalimu akiwa ofisini, akazunguka na ufagio mkononi anaomba, samahani, naomba ile niliyokupa, samahani, nao, kumbe za wizi! mwizi anadai zawadi zake! mama yako kakutuma au Garanjeda? mmoja akaishika juu juu aruke kama mbwa, aliruka, aliniambia mwenyewe kwamba aliruka, na alipofika nyumbani alizitoa mfukoni akazipanga mezani akasema zote zipo, na mimi nilifanya nini, nilizichukua nikazielekeza kwenye taa, moja baada ya nyingine, kutafuta mikwaruzo. Nilizikagua zote kwanza. Nilipoinua macho alikuwa ameshaingia chumbani kwake na kufunga mlango, na Jumatatu iliyofuata tumbo likaanza… “Kula anakula vizuri?” anauliza mwalimu. Anakula. Anakula kidogo. “Na rangi yake ikoje, maana mtoto akikosa jua…” Rangi. Ananiuliza mimi habari ya rangi. Katikati ya mfululizo mama Ebihara alituletea chupa mpya ya rangi ya ngozi ya Junpei, tuiache ile ya zamani yenye wekundu wa mashavu, hii imepauka, na chini ya macho tuweke kivuli cha zambarau nyembamba, mtoto anakua akina mama, rafiki yake amekufa vitani, hawezi kubaki na mashavu ya mtoto mchanga, nasi tukaitikia, na mimi nikaenda dirishani kuilinganisha kwenye mwanga wa mchana, nikakoroga, nikaongeza tone, nikakoroga, mpaka ule uchovu wa chini ya macho ukawa sawasawa, na Masumi alikuwa amekaa ng'ambo ya meza ileile anaandika kazi za shule, mkononi mwangu brashi na mbele yangu nyuso zimelala kifudifudi, ndivyo tunavyozipaka, unauona uso kwa nyuma tu, na yeye aliyekuwa amekaa akinielekea sikumtazama, sijui mashavu yake yalianza kupauka lini, ningeulizwa la Junpei ningesema bila kufikiri… povu limemwagika jikoni, nalisikia linachoma kwenye moto, kamanda Wakui anaingia kwenye chumba cha Junpei, taa ndogo, buti zinasikika, nami naijua sehemu hii, najua inakuja, zamani angepiga goti, sasa hafiki hata kitandani, anasimama mlangoni anasema neno moja tu, “Panda,” na Junpei anageuza uso, ule uso, ule mkubwa, zile plastiki nilizozipaka upya kwa sababu ya mikwaruzo, anageuka taratibu, haguni, hajibu, muziki unapanda kama vile kuna sherehe, na imekwisha, ukipiga chafya huioni. “Imepita,” anasema Masumi bila kugeuka. Naziba simu kwa glavu. Nini imepita? “Ile yangu. Zile plastiki. Hukuziona.” Nimeziona. “Muongo, ulikuwa unaangalia viazi.” Nimeziona, Masumi. Anavuta soksi yake kidoleni, kisha anasema, “Haongei tena huyu.” Nani? “Junpei, nani mwingine. Mwanzoni alikuwa anakataa kwanza. Anamtukana kamanda, analia, anajifungia chooni na watu wote wanagonga, ndiyo anapanda. Sasa hivi anapanda tu.” Amekua, nasema, mdomo wangu unasema wenyewe, mdomo wa nani sijui. “Hajakua,” anasema Masumi, “ameacha tu kusema,” na anaongeza sauti ya televisheni kwa sababu Garanjeda ameshika lile jitu la adui kwa shingo… na mimi nimebaki na simu imezibwa, sauti ya mwalimu inanitekenya kiganjani kama mdudu, na naona Jumatatu, naiona yote, nitamwambia avae, atavaa, nitamwambia wenzako hao wanakuita, atatoka, sitahitaji hata maneno ya kuazima, nitasimama mlangoni na neno moja litatosha, na mwalimu atafurahi, na baba yake atasema nilikuambia atatulia, na wote tutasema mtoto amekua… narudisha simu sikioni. “…na nimekuwekea jambo moja la kukufurahisha,” mwalimu anasema, ana furaha kweli, mtu mwema huyu, ananiumiza kwa wema wake, “ni siri, usimwambie. Watoto wamesema wakifika mlangoni hawataita jina tu, wataimba ule wimbo wa roboti wake, wote kwa pamoja, na Oguri atapiga tarumbeta kwa mdomo.” Ndi… nasema, nasikia ladha ya rangi kwenye ulimi kwa sababu nimeng'ata ncha ya kidole, hawa majirani wote watafungua madirisha, Oguri anapiga tarumbeta, Machida anaimba, na mtoto wangu hapa ndani na kiatu mkononi. Mwalimu, wasije. “Samahani?” Naomba wasije, Jumatatu. “Aa, basi Jumanne, hakuna shida, Jumanne pia…” Hata Jumanne, wasije. Nasikia nyuma yake mtoto wake wa kiume anaangalia kitu hichohicho tunachokiangalia sisi, mlipuko wao na mlipuko wetu kwa wakati mmoja. “Lakini mama Masumi,” anasema, taratibu, kama anayemwongelesha mgonjwa, “watoto wameshafanya mazoezi.” Najua, mwalimu. “Wamebaki baada ya masomo.” Nawashukuru. “Ni Masumi anayekataa?” na hapo ndipo mlango wa kutorokea umefunguliwa wazi, ningesema ndiyo na ingeisha, angeelewa, angesikitika, angeitaja tena televisheni na mimi ningekubali… Hapana, mwalimu, Masumi hajui chochote. Ni mimi ninayekataa.