Kibodi ya Swichi za Bluu

Jumatatu asubuhi, upepo wa Ufipa ukipita chini ya mlango kama kawaida yake, Bertilla alikuwa amejifunga khanga juu ya sweta, anachapa kadi za michango ya harusi ya mtu wa Mazwi. Alikalia stuli isiyo na egemeo, mguu mmoja umewekewa boksi lililokunjwa ili isiyumbe. Kiuno kilimuuma. Kilikuwa kinamuuma tangu Kwaresima, na kila alipomwambia bosi wake, Isdori, kwamba mchapaji anahitaji kiti chenye mgongo, Isdori alijibu, "Tutaangalia," huku akijizungusha kwenye kiti chake mwenyewe, kile cha magurudumu. Kazi kubwa ya kiti hicho hapo steshenari ilikuwa kumbeba Isdori akicheza gemu.

Ndipo Calvin, muuza vifaa vya simu wa mlango wa pili hapo Majengo, alipoingia na boksi kwapani. Alikuwa ametoka Tunduma. Ndani ya boksi kulikuwa na kibodi nzito kama tofali, yenye swichi chini ya kila kitufe, zile za bluu zinazolia, na taa za rangi zinazokimbizana kati ya herufi.

"Kaa nayo mpaka Jumamosi," Calvin akamwambia Isdori. "Ikikufaa tunaongea. Isipokufaa, hatujakosana."

Isdori akapanga majaribio. Mchana Bertilla aichapie kazi za wateja, jioni yeye aichezee gemu la mpira. Vijana wa Majengo walikuwa wamemfunga mpaka aibu, na alikuwa na hakika kabisa kwamba kosa lilikuwa la kibodi.

Bertilla akaanza na barua ya mtu anayeomba kazi ya udereva. Vitufe vikalia ta-ta-ta, safi kabisa, kila kidole kinajua kimefika. Alipomaliza anwani alihisi stuli imemwacha. Alipofika kwenye "Wako mtiifu" alikuwa usawa wa kalenda ya parokia pale ukutani, kibodi mapajani, kandambili zinaning'inia.

"Inaandika vizuri?" Isdori akauliza.

"Inaandika vizuri. Nyepesi kwenye vidole. Ila inapandisha."

"Waya unafika?"

"Umeanza kunivuta."

Isdori akaandika pembeni kwamba waya ni mfupi, akaenda kwa Calvin kuchukua wa kuongezea, akarudi akailaza skrini chali mezani ili Bertilla aione kutoka juu. Kufika saa ya chai Bertilla alikuwa kwenye kenchi, kichwa kinagusa bati. Kiuno kiliendelea kumuuma vilevile. Hewani nako hakuna pa kuegemea.

Akaingia Mzee Kasimiri, mkulima kutoka Mwazye, na malalamiko yake dhidi ya nguruwe wa jirani waliomaliza ulezi.

"Shikamoo, mzee," Bertilla akamwamkia.

Mzee akainua uso. "Marahaba, binti yangu. Huko juu hamjambo?"

"Hatujambo. Nipe karatasi kwa huo ufito."

Ulikuwepo ufito uliopasuliwa ncha. Mzee Kasimiri akabana karatasi yake, akainyanyua, akauliza kama barua iliyochapwa juu hufika upesi zaidi. Bertilla akamwambia hapana, zote zinapanda basi lilelile. Mzee akaketi kwenye stuli kusubiri, akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia.

"Stuli gani hii! Nani anakaa hapa?"

"Mimi."

"Pole sana, mama," akasema Mzee Kasimiri, na alimaanisha.

Shida ilikuja wakati wa chakula. Bertilla alitaka kushuka, akashindwa. Isdori akamwita Calvin. Wakazima kompyuta, hola. Calvin akachomoa waya, Bertilla akabaki palepale na njaa yake. Wakawasha tena, na alipofuta neno alilolirudia mara mbili kwenye barua ya nguruwe, akahisi ameteremka kiasi cha neno hilo.

"Kumbe! Basi futa ushuke," Calvin akasema.

"We! Kazi ya mteja haifutwi!" Isdori akadakia. "Mzee akirudi anataka kopi nimwambie nini, tuliifuta ili mtu akale ugali? Futa vya kwako."

"Vya kwangu nikichapa napanda, nikifuta narudi hapahapa nilipo."

Isdori akafikiri, jambo ambalo halikuwa desturi yake mchana. "Huna vya zamani? Ulivyochapa kwa kibodi ya zamani?"

Bertilla alikuwa navyo. Zilikuwa barua za kuomba kiti. Alikuwa amemwandikia Isdori moja kila "tutaangalia" ilipopita bila kuangaliwa. Zilikuwepo za upole, zilikuwepo za ukali, na mojawapo ilikuwa na picha ya kiti chenyewe. Akafungua ile ya kwanza, ya upole kuliko zote, akaanza kuifuta kutoka mwisho. Akashuka taratibu pamoja na "tafadhali" zake zote, akanawa mikono, akala.

Jioni ikawa zamu ya gemu. Isdori aligonga vitufe mpaka jirani akagonga ukuta, lakini kibodi haikumnyanyua hata unene wa karatasi, kwa sababu mtu akicheza gemu haandiki kitu. Jambo hilo lilimkera. Akaamua naye aandike. Akakaa, akakuna kichwa, akatafuta la kuandika, mwisho akachapa jina lake lote mpaka la babu. Akapanda kiasi cha paka kupita chini yake, kizunguzungu kikamshika, akajifuta haraka akarudi kwenye mpira. Akafungwa matano.

"Kibodi haina kosa," akatangaza. "Kosa ni la kiti. Kinazunguka mno."

Ijumaa kikaletwa kiti kipya cha Isdori, chenye mgongo mrefu, mikono, na kamto ka shingo. Bertilla alikitazama kutoka kwenye kenchi, akakitazama na kile cha zamani. Isdori akakisukuma cha zamani hadi kwenye kona, akapandisha mashine ya kopi juu yake.

"Mashine hii nzito," akaeleza. "Haiwezi kusimama siku nzima."

Jamani! Bertilla alipiga teke hewani kwa hasira mpaka kandambili moja ikaanguka.

Jumamosi Calvin akaja kusikia majibu. Isdori akamwambia kwa gemu inafaa, kwa kuandika inafaa, kelele zitazoeleka. "Halafu inaokoa nafasi. Mchapaji hahitaji kukaa." Akampa Calvin ile stuli, akaitumie dukani kwake.

"Isdori," Bertilla akaita kutoka juu. "Kiuno kinaniuma. Kinaniuma na huku pia. Nataka kiti."

"Si uandike barua?"

"Nimeandika mpaka nimechoka. Zote nimezifuta nikishuka. Imebaki moja, na ndiyo ya kushukia leo."

"Isome basi."

Akaisoma. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye ni binadamu, kwamba kazi yote ya steshenari hii inapita mikononi mwake, na kwamba anaomba kiti. Calvin alitazama chini. Isdori alisikiliza mpaka mwisho bila kujizungusha.

"Barua nzuri," akasema. "Ya kweli kabisa. Tutaangalia."

Bertilla akaifuta. Kwa kuwa ilikuwa fupi, haikumfikisha sakafuni, Calvin akamshika miguu akamvuta.

Isdori aliliona tatizo la Jumatatu, kwamba barua za kushukia zimekwisha, akalitatua hapohapo. Kibodi ya zamani isitupwe. Kila asubuhi, kabla ya wateja, Bertilla aichapie barua za kuomba kiti, nyingi kiasi cha kazi za siku hiyo, ili jioni awe na cha kufuta. "Hapa hatumkatazi mtu kuomba," akasema.

Ndivyo inavyofanyika mpaka leo. Wateja wanaowahi wanamkuta anaandika amesimama, wanasalimia, wanasubiri nje kwenye baridi. Msimu wa harusi, kadi zikiwa nyingi, Bertilla anafika jua halijatoka, anaomba kiti mpaka miguu inamuuma.