Risasi ya Arlette

Bonde zima la Bitterroot hakuna aliyemshinda Arlette Stroud kwa kuunda risasi isiyouzwa dukani. Haya, aliyejaribu ni yeye peke yake. Alichukua maganda ya risasi nyingine, akayalainisha shingo kwa moto, akayabana, kisha akayafyatua yakavimba na kushika umbo la ndani ya bunduki yake. Huko kwao risasi hupewa jina la aliyeibuni. Basi akamkuta shemeji yake Verl kwenye klabu ya walenga shabaha, akiwaringia watu maganda ambayo Arlette alimwazima ayatazame tu.

“Hii inaitwa Risasi ya Verl.”

“Uliyalainishaje, shemeji?”

“Niliyaoka mazima jikoni, mpaka vitako vya maganda vikawa vyekundu.”

Waliokaa karibu naye wakasogeza viti mbali.

“Kitako kikilainika, bunduki inakulipukia usoni,” Arlette akasema. “Mbona macho bado unayo mawili?”

Verl akapapasa nyusi zake.