Askari Asiyehuzunika

Kila Jumapili, vyombo vya mchana vikishaoshwa, fundi saa alikwenda kwa mdogo wake wa kike kucheza mchezo wa hadithi. Kati ya marafiki waliokusanyika pale, dereva wa lori ndiye aliyekuwa msimulizi. Wengine kila mmoja alikuwa na karatasi ya mtu aliyemtunga mwenyewe, na dadu ndiyo iliyoamua kama upanga umepata au umekosa. Mtu wa fundi saa alikuwa askari, jina lake Jiwe. Kwenye karatasi alimwandikia kwa wino mwekundu: Hahuzuniki.

Jiwe akisema, barafu ya kweli ilitanda mezani. Ilianza mwaka wa pili wa mchezo, wakazoea. Dereva alikuwa akimsogezea chupa yake ya soda. "Hebu ongea kidogo, Friji, hii bado ya moto."

Mdogo wake alicheza mpishi wa kasri. Kisha ikaja Jumapili ya kwanza tangu azike mtoto wake wa miezi saba. Kaka mtu mazikoni alikuwepo. Alibeba viti, akapanga viti, akarudisha viti, neno hakusema. Basi zamu ya mpishi ilipofika, mdogo wake hakuigusa dadu.

"Jiwe," akasema, "mtoto wangu amekufa. Wewe huna hata neno?"

Kila aliyekuwa pale alijua kuwa anayeulizwa si askari. Fundi saa naye alijua. Akaitazama karatasi yake kama mwanafunzi anayeibia jibu.

"Jiwe hahuzuniki," akasema. "Tuendelee na safari."

Barafu ikafunika meza nzima, dadu ikagandia hapohapo. Mdogo wake akaleta birika, akaimwagia maji ya moto mpaka ikabanduka, wakacheza hadi saa kumi na moja. Fundi saa alishinda. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na masikio peke yake ndiyo yaliyokuwa na joto mwilini mwake.

Wenzake walipoondoka alibaki mlangoni. Akafungua mdomo aseme lile neno ambalo hakulisema mazikoni. Kikatoka kipande cha barafu, kikaanguka kiganjani mwa mdogo wake.

"Asante, kaka," akasema. Akakitia kikombeni, akaketi kungoja kiyeyuke asikie kilichomo.

Kiliyeyuka. Yalikuwa maji tu. Akakiinua kikombe, akakiweka sikioni, akangoja tena. Fundi saa alikuwa ameshafika kwenye ngazi, viatu mkononi, anashuka kwa ncha za vidole asisikike.