Nyota ya Katikati ya Mpini

Kaka yangu ni fundi saa, na hakuna saa aliyowahi kuifungua yenye ugumu wa kichwa chake. Kwetu sisi kazi hii ni ya ukoo: alianza babu, akafuata baba, sasa yeye. Na katika ukoo wetu haoi mtu wala haolewi mtu mpaka mchumba apandishwe juu ya paa, aonyeshwe nyota moja, aulizwe: "Ziko ngapi?"

Nyota yenyewe iko upande wa kaskazini, kwenye kundi wanaloliita Dubu Mkubwa. Huyo dubu mimi sijamwona hata siku moja. Naona sufuria lililofudikizwa, mpini wake umetokeza. Katikati ya mpini kuna nyota inang'aa, na mwenye macho mazuri akiitazama kwa utulivu ataona kando yake kijinyota kingine kimejibanza. Mwenye macho mabovu ataona moja tu. Babu alikuwa akisema asiyeona mbili atatuzalia watoto wasioweza kushika springi ya saa, na ukoo mzima utaishia kuuza vibiriti.

Sasa kaka ana mtoto mmoja tu, binti, na anafanya naye kazi dukani. Wachumba wawili wa binti huyo walishakwama pale juu. Wa kwanza, karani, alisema moja. Kaka alimfukuza kama kuku aliyeingia jikoni. Wa pili, mwalimu wa sayansi, alisema tatu. Akaanza kueleza kwamba aliwahi kuitazama kwa darubini, kwamba ile kubwa yenyewe ni nyota mbili, zimekaribiana mno hata jicho tupu haliwezi kuzitenganisha. Na alisema kweli, maskini. Kaka akamwambia hapa si mnadani, akamwonyesha ngazi.

Hao wawili binti hakuwalilia. Wa tatu ndiye aliyemvuruga akili. Ni mwoka mikate wa mtaa wa pili, tunamwita Unga kwa sababu hujawahi kumkuta hana unga kwenye nyusi. Kijana mpole, mchapakazi, anajua kuchekesha, ila macho, jamani, hana! Siku moja alinipokea dukani kwake kwa "Shikamoo, mzee," na mimi nimevaa gauni la maua. Miwani anayo, lakini hukaa mfukoni, maana joto la tanuri huijaza ukungu, naye kashazoea kufanya kila kitu kwa kupapasa.

"Shangazi," binti akaniambia, "baba akimkataa huyu, basi. Sitaki kusikia habari ya ndoa tena maishani mwangu."

Hakulia aliposema hivyo, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nikamfuata Unga mpaka kwenye tanuri lake.

"Ukiulizwa, sema mbili," nikamwambia. "Mbili, basi. Usianze kujieleza."

"Nivae miwani, shangazi?"

"Uvae miwani mbele ya kaka yangu? Una wazimu?"

Siku ikafika. Giza lilipoingia tukapanda sote wanne, kaka mbele, tukapita chini ya kamba za nguo mpaka kwenye tangi la maji. Nikainua macho. Upande wote wa kaskazini ulikuwa umefunikwa na wingu zito. Sufuria hakuna, mpini hakuna! Nikashusha pumzi. Nikajua kaka ataahirisha, na sisi tutapata muda wa kupanga vizuri.

Kaka akanyoosha kidole kwenye lile wingu.

"Ile pale! Katikati ya mpini. Leo inang'aa kwelikweli."

Unga akakunja uso, akainua kidevu. "Naiona, baba."

"Ziko ngapi?"

"Mbili."

"Barabara!" Kaka akapiga makofi. "Na ile ndogo je?"

"Imetulia, baba. Inapendeza sana."

Hapo ndipo ningepaswa kufunga mdomo wangu. Mume alikuwa keshapatikana, ilibaki kushuka chini tunywe chai. Lakini mdomo huu, ole wangu! Kicheko kilinibana, nikakizuia, kikanishinda.

"Mbili ziko wapi, nyie vipofu?" nikaropoka. "Hapo kuna wingu tupu!"

Binti alinitazama kwa jicho la kunisukuma chini mpaka barabarani.

"Wingu?" kaka akauliza. "Tangu saa ngapi?"

"Tangu tumepanda, baba," binti akajibu polepole.

Kaka akapapasa nyuma yake, akapata ndoo iliyopinduliwa, akaketi. Nilijiweka tayari kwa matusi. Namjua, akikasirika hata majirani hufunga madirisha. Lakini sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo.

"Ile ndogo niliacha kuiona miaka mingi iliyopita. Siku hizi hata ile kubwa nabahatisha tu."

"Ebo! Sasa watoto wa watu ulikuwa unawafukuzia nini?"

"Yule karani aliposema moja, niliogopa. Nikadhani ile ndogo kweli imezimika. Yule mwalimu naye akasema tatu, akanivuruga kabisa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nauliza ili mtu aniambie bado ipo. Basi. Na wewe kijana uliposema mbili, hujui ulivyonifurahisha. Kumbe nawe huoni kitu."

Unga akapiga magoti papo hapo. "Nisamehe, baba. Nampenda binti yako, nikaogopa kumkosa." Akatoa miwani mfukoni, akaivaa, ndipo akagundua kwamba amelipigia magoti tangi la maji. Akageuka, bado kapiga magoti, akaanza upya. "Nisamehe, baba."

Siku nyingine ningecheka mpaka nikae chini. Ila kuna jambo lilikuwa limeshanikwama kichwani.

"Na saa za wateja?" nikauliza. "Zile ndogo za kike, nani anazitengeneza?"

"Shangazi, nyamaza," binti akasema.

"Mwache," kaka akamwambia. "Najua unazifungua tena na kuzirekebisha nikishaondoka. Najua siku zote. Ndiyo maana nikifikiria uondoke, nachanganyikiwa."

Binti akachutama mbele yake, akamshika mikono. Alitaka kusema neno, lakini akainua kichwa kwanza, akatazama kaskazini. Nami nikatazama. Upepo ulikuwa umelipasua wingu katikati.

"Baba, mpini umetokea."

Kaka hakuinua uso. "Ngapi?"

"Mbili."

"Ile ndogo iko wapi?"

"Iko pale pale, kando ya mwenzake. Haijaondoka."

Kaka akaitikia kwa kichwa mara nyingi, kama mtu anayepewa habari za mgonjwa na kuambiwa amepata nafuu. Kisha akamgeukia Unga, akakosea upande kidogo tu.

"Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

"Basi mkishaoana, usidai tena kuona kitu usichokiona. Muulize yeye. Halafu mje mniambie na mimi."

Binti akaangua kilio, nami nikamfuatia.